Mlango wa Ziwa Letu

Mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda hata kuingia katika nyumba za watu, mzee mmoja wa huku kwetu Nundu alitushika mkono, akatupeleka ufukoni. Akatuonyesha mchikichi uliosimama ndani ya maji, majani yake yamekauka. Akasema: "Ninyi mliosoma, sikilizeni. Mchikichi huu aliupanda baba yangu mahali pakavu. Lakini babu yangu alikuwa akituambia kwamba pahali hapa hapa, zamani, watu walikuwa wakitega nyavu. Basi nambieni, shamba hili ni la nani? Ni letu, au ni la ziwa?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tulimwomba atupe muda. Tena haikuwa swali la mchezo, maana wanawe wawili walikwisha kugombana juu ya shamba lile. Mmoja alitaka kungoja maji yarudi ajenge tena palepale. Mwingine alitaka kuhamia juu, upande wa milima, aache yote. Na watu wengine kijijini walikwisha kunong'ona kwamba ziwa halipandi bure, lazima kuna mtu. Mnajua neno hilo likianza kijijini linavyokwisha.

Basi tukatafuta katika vitabu na kwa wazee. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tutazame nchi yetu ilivyokaa. Sisi wa Nundu tuna ziwa mbele na milima nyuma. Ukitoka Uvira kwenda Baraka, barabara yapita kati ya vitu hivi viwili, na mahali pengine nafasi ni ndogo sana, nyumba zabanana kama watu ndani ya mtumbwi. Nyuma kule juu ni milima ya Itombwe, ambayo vilele vyake vyapita mita 3,000. Mvua ikinyesha juu ya mgongo wa milima ile, matone mawili yaliyoanguka karibu karibu yaweza kuachana safari. Tone moja litashuka upande wetu, kwa mto kama Mutambala, liingie Tanganyika. Jingine litashuka upande wa machweo, liingie mto Elila, liende moja kwa moja mpaka Lualaba, upande wa Kindu. Na lile la kwanza? Likipata bahati litatoka ziwani kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga, pale Kalemie, nalo litafika Lualaba vilevile. Matone yale yatakutana tena katika mto mmoja. Lakini la pili litafika baada ya siku chache, na la kwanza laweza kukaa ziwani mamia ya miaka. Na mengi hayatoki kabisa kwa njia ile, kama tutakavyoona.

Hapo ndipo ilipo siri ya mambo yote. Maji hayachagui njia. Yaenda pale ardhi inapoyaruhusu. Ukitaka kujua habari za maji, usiyatazame maji peke yake, utazame kile kinachoyazuia.

Tulipokuwa tukisoma tulikutana na habari ya nchi ya mbali sana, nasi tumependa kuwasimulia, kwa kuwa ilitufungua macho. Huko Siberia, katika nchi ya Urusi, kuna mji uitwao Yakutsk. Mwaka 1828 karani mmoja wa kampuni ya biashara, jina lake Shergin, alitaka kisima uani kwake. Akaanza kuchimba. Akachimba mita moja, mbili, kumi, hakuona maji. Aliona udongo ulioganda kwa barafu, mgumu kama jiwe. Mtu mwingine angeacha, na yeye pia alitaka kuacha, lakini watu wa elimu wakamtia moyo aendelee, si kwa ajili ya maji tena, bali wapate kujua barafu ile yaishia wapi. Akaendelea mpaka mwaka 1837. Alipoacha, kisima kilikuwa na kina cha mita 116, na chini kabisa udongo ungali umeganda. Kisima cha mita 116 kisicho na kikombe kimoja cha maji ya kunywa! Miaka michache baadaye, mwaka 1844, mtaalamu Middendorff alishusha vipima joto mle ndani, akapima kila hatua, na tangu hapo watu wa elimu walisadiki kwamba chini ya nchi ile kuna ardhi isiyoyeyuka kiangazi wala masika.

Zaidi ya nusu ya nchi ya Urusi imekaa juu ya ardhi ya namna hiyo. Kule kaskazini kabisa miti haioti. Kuna majani mafupi, kuvu na vichaka vya kimo cha goti, na nchi ile huitwa tundra. Sasa angalieni ajabu yake. Yakutsk hupata mvua na theluji kidogo sana, kama milimita 240 kwa mwaka, yaani kama robo tu ya mvua inyeshayo juu ya ziwa letu. Kwa hesabu hiyo ingepasa nchi iwe jangwa. Kumbe sehemu nyingi za tundra ni kinamasi na vidimbwi na maziwa yasiyohesabika. Kwa nini? Kwa sababu maji hayawezi kuzama. Kiangazi jua huyeyusha ngozi ya juu tu ya ardhi, mahali pengine nusu mita, mahali pengine mita moja au zaidi. Chini yake mlango umefungwa. Maji hukaa juu ya barafu kama uji juu ya sahani, yakitambaa polepole ndani ya majani yaliyooza, yakitafuta bonde, hata kama bonde lenyewe ni la kina cha kiganja.

Tena baridi ya huko hupasua ardhi, kama tope lipasukavyo wakati wa kiangazi kwetu. Theluji ikianza kuyeyuka, maji huingia katika nyufa na kuganda humo. Mwaka wa pili ufa hupasuka palepale, maji huingia tena, na barafu yaongezeka unene. Baada ya miaka mingi kila ufa una kabari ya barafu iliyoshindiliwa ardhini, na nchi nzima ukiitazama toka juu ni kama mgongo wa kobe, vipande vipande. Kati ya vipande hivyo maji husimama. Ila joto likizidi, zile kabari huyeyuka, nyufa zabaki mifereji, mfereji waungana na mwenzake, na maji yaliyokaa miaka mingi bila kwenda popote yapata njia na kukimbia. Hata maziwa hutoweka hivyo. Wataalamu walilinganisha picha za Siberia ya magharibi zilizopigwa kutoka juu mwaka 1973 na zile za miaka ya 1997 na 1998, wakakuta kwamba maziwa makubwa yamepungua kutoka 10,882 hadi 9,712. Mengine yalikuwa yamepungua ukubwa tu, na mengine yamekauka kabisa, majani yameota mahali pa samaki.

Mtaniuliza, barafu ya Warusi yatuhusu nini sisi wala ndagala? (Wala msidhani kwamba Kongo yetu haina barafu: iko Ruwenzori, juu ya kilele cha Margherita chenye mita 5,109, ingawa yapungua mwaka hata mwaka.) Yatuhusu hivi: ziwa laweza kusimama miaka mingi kwa sababu ya kizuizi ambacho jicho halikioni, na siku kizuizi kikifunguka, nchi yageuka sura mbele ya watu walio hai. Jambo hilo lilitokea hapa kwetu, katika ziwa hili hili, karne moja na nusu iliyopita. Kizuizi chetu hakikuwa barafu. Kilikuwa matope na mafunjo.

Twende polepole. Mwezi wa Februari 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji. Burton alikuwa mgonjwa, na Speke macho yake yalikuwa karibu kupofuka. Pamoja nao alikuwako Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyeuzwa utotoni kupelekwa Bara Hindi na kurudi huru. Huyu ndiye aliyewawezesha kusema na watu. Walikuwa na swali moja kubwa: maji ya ziwa hili yatoka wapi, na yaenda wapi? Waliambiwa habari zilizopingana. Wengine walisema mto wa kaskazini, Ruzizi, watoka ziwani. Kama ni kweli, basi huenda Tanganyika ndilo chemchemi ya Nile, na Burton angepata sifa duniani kote. Kwa hiyo mwezi wa Aprili wakapanda mitumbwi kwenda kujionea. Walipita Ubwari, ambayo Burton aliidhani ni kisiwa, ingawa sisi twajua ni rasi, wakavuka mpaka ufuko huu wa magharibi, wakafuata pwani kwenda Uvira. Maana yake walipita hapa mbele yetu. Bibi zetu wa zamani walioteka maji asubuhi ile huenda waliwaona.

Huko Uvira wana wa mtawala Maruta walimwambia Burton wazi kwamba Ruzizi huingia ziwani, hautoki. Wapiga makasia wakakataa kuendelea, Burton akarudi na huzuni yake. Angewasadiki wale vijana tangu mwanzo, watu wa Ulaya wangepunguziwa mabishano mengi. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji, walikwenda hadi mlango wa Ruzizi wakayaona maji yakiingia. Vijana wa Uvira walikuwa wamesema kweli.

Lakini hapo fumbo likazidi. Mito yote yaingia, na ziwa si la chumvi kama bahari. Ziwa lisilo na mlango huwa chumvi. Basi mlango uko wapi?

Bwana Cameron, askari wa majini wa Uingereza, alifika Ujiji mwezi wa Februari 1874. Katika msafara wake alikuwamo tena yule Bombay, aliyekuwa pia katika safari ya Stanley ya mwaka 1871. Huyu mtu alilijua ziwa kuliko mabwana zake. Cameron akazunguka upande wa kusini kwa mashua, akihesabu mito: huu waingia, huu waingia. Mwezi wa Mei akafika mahali paitwapo Lukuga, akaona maji yatoka. Akaingia kilometa chache, kisha njia ikaziba kwa mafunjo na majani yaeleayo. Akatangaza: mlango ni huu, na maji yake yaenda Lualaba.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1876, Stanley akaja na mashua yake kupima maneno ya mwenzake. Akakuta nini? Mfunjo, tope, na maji yaliyosimama karibu bila mwendo. Upepo wa ziwani ukivuma, maji yakasukumwa kuingia ndani badala ya kutoka. Akaandika kwamba Lukuga si mto bado, ila utakuwa mto. Na kwa nini alitabiri hivyo? Kwa sababu alipofika Ujiji safari hii aliona jambo lililomshtua. Michikichi mitatu iliyosimama sokoni mwaka 1871, siku zile alipokutana na Livingstone, sasa ilikuwa ndani ya ziwa. Katika miaka mitano soko lilikuwa limeingiliwa na maji! Ziwa lilikuwa linajaa, na chungu kikijaa lazima kimwagike, wala hakiwezi kumwagika ila mahali penye ukingo mfupi.

Hapa tusimame kidogo, maana watu wengi husimulia habari hii kana kwamba mmoja alisema kweli na mwingine uongo. Sivyo. Wote wawili waliona mlango ulioanza kusukumwa. Kwa miaka mingi kabla yao mvua zilikuwa chache na ziwa lilikuwa chini, maji hayakufika kwenye ukingo wa Lukuga. Mahali maji yasipokwenda kasi, vijito vya kando huleta matope na mchanga yakatulia. Mafunjo yakaota juu ya matope. Mafunjo yakaoza, mengine yakaota juu yake. Ikawa kizibo. Ziwa lenyewe latoa ushahidi kwamba lilifungwa mara nyingi, kwa kuwa maji yake yana chumvi kidogo, nyingi kuliko ya ziwa ambalo mlango wake wafunguka siku zote. Kisha mvua zikarudi. Maji yakapanda mwaka hata mwaka, yakaanza kupenya ndani ya mafunjo, leo yatiririka kidogo, kesho upepo wayarudisha. Cameron aliona yatiririka, Stanley aliona yamerudishwa.

Wanahistoria waweka mwaka 1878 kuwa ndio mwaka kizibo kilipopasuka. Hakuna aliyeandika siku yake. Mwezi wa Agosti mwaka ule alifika Ujiji Mwingereza Hore, baharia wa kazi, aliyetumwa na wamisionari wa London. Mwaka 1879 akaenda Lukuga, akakuta mto wa kweli wenye nguvu, watoka ziwani kwa kasi. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo alifika Thomson, kijana wa Scotland mwenye umri wa miaka 21, naye akaona maji yakikimbia kwa ngurumo kwenda machweo. Fumbo lilifumbuliwa, lakini kwa watu wa ufukoni mambo ndiyo kwanza yaanze.

Maana mkondo ulipopata njia haukukoma kuchimba. Tope ni laini. Maji yalilila, yakashuka, yakalila tena, mpaka yakakuta mwamba. Na kila mlango uliposhuka, ziwa lote lilishuka pamoja nao, kutoka Uvira mpaka mwisho wa kusini, umbali upatao kilometa 670. Kwa muda wa kama miaka 15 Tanganyika lilishuka karibu mita 10. Fikirini kimo hicho! Ni zaidi ya nyumba mbili zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Na kwetu, mahali ambapo ufuko umelala tambarare, kushuka kwa mita 10 ni kutoa nchi mpya, ya mchanga mweusi wenye rutuba, ambayo hakuna mtu aliyepata kuimiliki. Ujiji, mji mashuhuri wa wafanya biashara, uliachwa na maji yake. Leo ukienda kuona mahali Stanley na Livingstone waliposalimiana, utalitafuta ziwa kwa macho. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika ziwani mwaka 1914, iliishia Kigoma, penye maji marefu.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879, yaani mara baada ya mlango kufunguka. Wakaanzisha kituo cha Rumonge mwaka huohuo, Masanze mwaka 1880, na Kibanga, upande wa Ubwari katika nchi yetu ya Fizi, mwaka 1883. Basi wale waanzilishi walijenga wakati ziwa likiwapa kisogo. Kila mwaka safari kutoka nyumbani hadi mtumbwini ilikuwa ndefu zaidi. Ndiyo nchi iliyowapata mababu wa huyu mzee wetu nao wakaanza kulima pale walipotega nyavu. Babu yake hakumdanganya.

Sasa tueleze kwa nini ziwa lapanda tena, ingawa mlango u wazi.

Watu wengi wadhani kwamba Lukuga ndio utoao maji ya ziwa. Mwaka 2024 tulisikia barazani wakisema kwa hakika kwamba kuna watu huko Kalemie wameuziba mto, na wengine kwamba Warundi wamefungulia maji ya Ruzizi. Twawaambia: hata Lukuga ukiwa wazi kabisa, si mlango mkubwa. Mlango mkubwa ni jua. Katika kila sehemu kumi za maji yatokayo ziwani, kama tisa hupanda kuwa mvuke, nasi hatuoni, kama Mrusi yule asivyoiona barafu chini ya miguu yake. Lukuga wachukua masalio. Mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe ni kama mita moja kwa mwaka. Jua lachukua zaidi ya hiyo, kama mita moja na nusu. Mito yajaza pengo. Ni mizani nyepesi sana. Mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, na mawingu yakalifunika jua, mizani yainama, na Lukuga hauwezi kuisawazisha upesi. Eneo la ziwa lapita kilometa za mraba 32,000. Ukitaka kulipunguza kimo cha mita moja tu, yakupasa kuondoa kilometa za ujazo zaidi ya 32 za maji. Hata ukipeleka watu wote wa Fizi na ndoo zao!

Kuhusu Ruzizi, huo nao una historia yake. Zamani ziwa Kivu lilikuwa likielekea kaskazini, upande wa Nile. Moto wa milima ya Virunga ulimwaga mawe yaliyoyeyuka, ukaziba njia ile. Kivu likajaa, likamwagikia kusini, ndipo Ruzizi wa leo ukashuka kwetu. Yapata miaka zaidi ya elfu kumi. Basi mwaweza kuona: kizuizi kimoja kilifungwa huko juu na volkano, na tangu siku ile twapokea maji ambayo kwa asili hayakuwa yetu. Hakuna Mrundi wala Mnyarwanda aliyeamua jambo hilo.

Wazee waikumbuka miaka ya sitini. Mvua kubwa za mwaka 1961 na zilizofuata zilijaza maziwa yote ya Afrika ya Mashariki, hata Victoria, na Tanganyika lilifikia kilele mwaka 1964. Huku kwetu mwaka ule wakumbukwa zaidi kwa vita, kwa hiyo habari ya maji imefichwa nyuma ya habari ya bunduki. Waliokimbia milimani waliporudi walikuta ufuko umebadilika, wala hawakujua nani wa kumlaumu. Kisha maji yakarudi chini polepole, kidogo kidogo, na sisi wanadamu tukasahau upesi kuliko yalivyorudi.

Tulisahau hata tukauza. Nasi twasema jambo hili bila kutaja mtu: katika miaka ambayo ziwa lilikuwa chini, kuna waliogawa viwanja, parseli kama tusemavyo huku, hadi ukingoni mwa maji, na kuwapa watu karatasi zenye mihuri. Familia moja tuijuayo iliuza ng'ombe wawili ikanunua kiwanja cha namna hiyo, ikajenga kwa matofali ya kuchoma. Leo dirisha lake laonekana juu ya maji, na watoto huliendea kwa mtumbwi kuvua ndagala. Aliyeuza alikwisha kuhama.

Mwaka 2020 mabaya yalikuja kwa njia mbili, na ni vizuri tusiyachanganye. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili mto Mulongwe ulishuka Uvira, ukavunja nyumba na kuua watu wengi. Hayo ni maji ya mlima: huja usiku kama mwizi, hukaa saa chache, huenda zake, na mara nyingi hufuata mahali misitu ilipokatwa. Mwaka huohuo ziwa nalo likaanza kupanda. Maji ya ziwa hayakimbii. Huja kama mgeni aletaye mkeka wake. Asubuhi wamkuta barazani, juma lijalo yuko chumbani, na hakuambii ataondoka lini. Lilipanda, likapungua kidogo, likapanda tena, hata mwezi wa Mei 2024 likakaribia kilele cha mwaka 1964. Kalemie, Uvira, Baraka, Bujumbura, na vijiji vya mwambao wetu, wote walionja. Kila mwaka, hata mwaka wa kawaida, ziwa hupanda toka mwezi wa Novemba hadi karibu Mei, kisha hushuka kiangazi. Kwa hiyo mtu akiona limeshuka mwezi wa Septemba asikimbilie kununua saruji.

Tulimrudia mzee tukamsimulia haya yote. Hatukumficha kitu. Tulimwambia kwamba shamba lake lilikuwa ziwa kabla ya mwaka 1878, likawa nchi kavu kwa sababu kizibo cha matope kilipasuka mbali sana na hapa, na kwamba tangu hapo ziwa limekuja kulidai mwaka 1964 na sasa tena. Tukamwambia pia kwamba hakuna mtu kijijini aliyelipandisha, wala aliyeweza kulipandisha. Neno hilo tulilisema kwa sauti, kwa kuwa kulikuwa na watu uani waliokuwa wakisikiliza, na mmoja wao alikuwa mama ambaye jina lake lilikwisha kutajwa tajwa.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: "Huo mwamba wa Lukuga, maji hayataula nao?"

Tukasema mwamba huliwa, lakini si kwa maisha ya mtu, na huko juu ya mto matope yaweza kujaa tena kama zamani, mvua zikiwa chache kwa miaka mingi. Akacheka. "Basi ni kusema mlango una bawaba."

Tulipopita kwake kiangazi kilichofuata, tuliwakuta wanawe wote wawili kazini. Nyumba ilikuwa imepandishwa ng'ambo ya barabara, upande wa mlima, mbali pia na kijito. Ufukoni walikuwa wamepanda mihogo na mboga, vitu vya msimu mmoja, si michikichi. Na kwenye jiwe kubwa lililo kati ya nyumba na ufuko mzee alikuwa amepiga alama tatu kwa patasi. Ya juu, alisema, aliipiga baba yake mwaka 1964. Ilikuwa imefunikwa na kuvu, akaisafisha. Ilikuwa imefunikwa na kuvu, akaisafisha. Ya tatu, iliyo chini, ilikuwa ya siku ile tuliyofika, na alikuwa amemwagiza mjukuu wake, anayesoma darasa la tano, apige nyingine kila mwaka mwishoni mwa Mei.